Bastola ya Mfukoni: Je, Yampasa Mtu Mwema Kuichukua kwa Siri?

Jambo tutakalolinena mwezi huu halikutoka kitabuni. Lilikuja kwa miguu, likabisha hodi mlangoni petu hapa Katandala, jioni moja ya mwezi wa Juni, wakati baridi ya Ufipa inapouma hata mifupa na kila mtu hujikunyata ndani ya koti lake.

Aliyebisha alikuwa jirani yetu, mnunuzi wa mahindi na maharage, mtu wa makamo, mwenye mke na watoto wanne, mchaji wa Mungu, asiyeonekana kilabuni. Alitaka tumwandikie barua. Kazi hiyo kwetu si ngeni, kwa kuwa mwalimu katika mji huu ni karani wa watu wote: leo aandika barua ya posa, kesho malalamiko ya mpaka wa shamba, kesho kutwa maombi ya kazi. Lakini barua hii ilikuwa ya namna nyingine. Jirani yetu alitaka kuiomba serikali ruhusa ya kuwa na bastola. Hata namna yake alikwisha kuichagua. Alituonyesha picha yake katika simu. Ilikuwa ndogo, nyepesi, haizidi sana kiganja cha mkono, ya kukaa ndani ya koti pasipo kuvimbisha kitambaa.

Tulipomwuliza kwa nini ndogo hivyo, alicheka kidogo, akasema, “Mwalimu, nataka iwe nami kila mahali, wala asiijue mtu.” Kisha akanyamaza, akatazama chini, akauliza neno ambalo pengine ndilo lililomleta kwetu, wala si barua: “Nanyi watu wa misioni mwasemaje? Ni dhambi, au si dhambi?”

Tukamwomba siku saba. Haya yafuatayo ni mawazo ya siku saba hizo, nasi twayaweka mbele ya walimu wenzetu na wasomaji wote wapate kuyapima, maana hatuna hakika kwamba sisi tumeyapima vema.

Yatupasa kueleza kwanza kisa chake, ili mtu asimdhanie kuwa mwoga au mpenda makuu. Mwaka jana, wakati wa msimu, alirudi usiku akitoka stendi ya mabasi, na ndani ya koti lake alikuwa na fedha za kununulia mahindi, nyingine zake, nyingine za watu. Karibu na njia panda watu watatu walimzuia. Akazitoa fedha bila kushindana. Hata hivyo walimkata mkono wa kushoto kwa panga, na vidole viwili havikuunganika tena. Mtu wa namna hiyo akisema kwamba aogopa, si haki kumjibu kwa mithali. Wapo watakaosema kwamba siku hizi fedha hupelekwa kwa simu, ya nini kubeba mabunda? Nasi tulimwambia hivyo. Akajibu kwamba mkulima wa kule bondeni Rukwa, akiuza gunia lake, ataka kuzishika fedha mkononi jioni ile ile. Na mnunuzi asiyekuwa nazo aliachiwa makapi.

Basi, kwamba mtu aruhusiwa kujilinda, hilo halina mabishano makubwa. Mtakatifu Agostino, katika barua aliyomwandikia Publicola, alikuwa mkali: hakukubali kwamba mtu wa kawaida amwue mwenziwe ili yeye mwenyewe asiuawe, alimwachia ruhusa hiyo askari, na mtu mwenye kazi ya serikali, atendaye kwa ajili ya wengine wala si kwa ajili ya nafsi yake. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliupunguza ukali huo kwa akili nyingi. Alifundisha kwamba tendo moja laweza kuzaa mambo mawili, moja lililokusudiwa na moja lisilokusudiwa. Ajilindaye akusudia kuuokoa uhai wake. Mwenye kumshambulia akifa, kifo hicho si kusudi lake. Lakini akitumia nguvu kupita kadiri iliyotakiwa, ametenda vibaya. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu nayo yafuata njia hiyo hiyo, kwa kuwa yamruhusu mtu kujilinda na kuilinda mali yake kwa nguvu ya kadiri. Na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyoiondoa ile ya mwaka 1991, haikatazi raia kuwa na bastola. Yamtaka aombe, achunguzwe, na kupewa kibali.

Kwa hiyo siku ya kwanza tulidhani kazi imekwisha. Tungeandika barua, tungemtakia heri, tungelala. Lakini tulipoyarudia maneno yake tuliona ya kwamba hakuuliza habari ya kujilinda. Aliuliza habari ya kitu kidogo, na cha siri, na cha kila mahali. Mambo hayo hayamo katika jibu la Mtakatifu Thomas, au kama yamo, yamo kwa mbali.

Tuanze na udogo. Wanafunzi wetu wa darasa la juu wajua kanuni ya Newton, kwamba kila msukumo una msukumo mwenziwe uliorudi nyuma. Risasi ikienda mbele, chuma kilichoitupa hurudi nyuma. Bunduki nzito hulipokea teke hilo kwa uzito wake. Bastola nyepesi hulitupa katika kifundo cha mkono. Tena mtutu wake ni mfupi, na nafasi kati ya alama ya nyuma na alama ya mbele, zile za kulengea, ni fupi vile vile. Tufanye hesabu kidogo, wasomaji watusamehe, ni mazoea ya kazi. Kama alama hizo zimeachana kwa sentimita 10, na jicho likakosea kwa milimita 1 tu, basi kwa mtu aliyesimama mita 10 mbele yako risasi itapotoka kwa sentimita 10. Kosa lilo hilo katika bunduki ambayo alama zake zimeachana kwa sentimita 50 litakuwa la sentimita 2. Kumbe aliyechukua silaha ndogo ahitaji mazoezi mengi kuliko mwenye kubwa, ili asimpige mpita njia au mtoto aliye nyuma ya mwizi. Naye aghalabu ndiye afanyaye mazoezi machache, kwa sababu aliichagua ndogo ili apate kusahau kwamba anayo.

Lakini hilo ni la mkono. Lipo jingine la moyo, nalo ndilo lililotukalisha macho.

Babu zetu wa Ufipa walikuwa wafua chuma mashuhuri. Matanuri yao, yaitwayo malungu, yalijengwa kwa udongo, marefu kupita kimo cha mtu, na upepo uliingia wenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Kisha chuma kile kikasafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto. Padre Wyckaert wa Mapadre Weupe aliyaandika mambo hayo mwaka 1914, na magofu ya malungu yaonekana hata leo katika nyika zetu. Chuma hicho kilifanywa majembe na mashoka na mikuki. Fikirini jinsi vitu hivyo vilivyochukuliwa: begani, mchana, watu wakiona. Mkuki hauingii mfukoni. Mwenye mkuki, akitaka kwenda kunywa pombe, au kuhudhuria shauri, au kumwona mgonjwa, alikuwa na sharti la kuamua kwanza: niende nao au niuache? Na akifika kwa watu, kila mtu alimwona, naye alijua kwamba ameonwa. Baadaye gobore lilikuja, nalo lilikuwa na uvivu wake. Mtu akikasirika, kama gobore halikushindiliwa tayari, hana budi kumimina baruti, kutia kitambaa, kushindilia kwa ufito, kutia risasi, kuweka fataki. Katika muda ule mke wake amekwisha kulia, jirani amekwisha kuja, na hasira, ambayo ni kama moto wa majani makavu, imekwisha kupungua.

Twaona basi kwamba uzito wa silaha ulikuwa namna ya subira iliyowekwa nje ya mtu, kwa ajili ya mtu asiyekuwa nayo ndani. Mafundi wa bastola ndogo wameiondoa subira hiyo, gramu baada ya gramu, nao wamesifiwa kwa kazi yao.

Wala mtu asitujibu kwamba hasira ni ya wahuni tu. Tarehe 25 Desemba 1971, sikukuu ya Noeli, huko Isimani katika mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa, alifika kwenye shamba la Saidi Mwamwindi. Ilikuwa siku za ujamaa, na maneno baina yao yalikuwa makali. Mwamwindi alimpiga risasi akafa; kisha yeye mwenyewe akauchukua mwili katika gari, akaupeleka mjini Iringa kwa polisi. Hatuyasemi haya ili kuamua nani alikuwa na haki juu ya shamba lile. Wengi wamebishana, na mahakama ilikwisha kusema neno lake. Twasema tu kwamba mtu anayejipeleka mwenyewe kwa polisi pamoja na maiti si jambazi. Ni mkulima ambaye siku ile hasira yake na bunduki yake zilikuwa karibu mno. Na bunduki ile haikuwa ya mfukoni.

Sasa habari ya siri. Maandiko Matakatifu yana watu waliochukua silaha kwa kificho, nao hawafanani. Katika kitabu cha Waamuzi twasoma habari za Ehudi, mtu wa shoto, aliyejifanyia upanga mfupi wenye makali kuwili, akaufunga chini ya nguo zake katika paja la kuume, mahali ambapo walinzi hawakuzoea kutazama; akaingia kwa Egloni, mfalme mnene wa Moabu, kana kwamba ana neno la siri la kumwambia, akamwua. Waisraeli walimhesabu kuwa mwokozi wao. Katika kitabu cha pili cha Samweli twasoma habari za Yoabu, aliyemshika Amasa ndevu kwa mkono wa kuume kama atakaye kumbusu, na Amasa hakuangalia upanga uliokuwa katika mkono wa pili. Huyu hakuna aliyemsifu. Nasi tulipokuwa vijana katika shule ya walimu tulibishana usiku kucha juu ya hao wawili: tofauti iko wapi? Mmoja alisema, Ehudi alikuwa na taifa zima nyuma yake. Mwingine alisema, tofauti ni kwamba Ehudi alishinda na wajukuu wake ndio walioandika. Hata leo hatujalimaliza shauri lile. Lakini twamkumbuka na wa tatu, ambaye hatukumtaja usiku ule, naye ni Nehemia. Wajenzi wake waliujenga ukuta wa Yerusalemu huku kila mmoja amejifunga upanga kiunoni, waziwazi, kwa kuwa adui alikuwa karibu. Hapo kuna hofu ya kweli, kuna silaha, wala hakuna hila. Na zaidi ya hayo, wajenzi wote walijua kwamba tarumbeta ikilia watakusanyika pamoja.

Kwetu Ufipa kuamkiana si jambo la haraka. Mdogo akimwamkia mkubwa wake kwa adabu ya zamani huchutama, hupiga makofi polepole. Mikono miwili yaonekana, viganja viwili vyagusana, hakuna kitu ndani yake. Hatusemi kwamba desturi hiyo iliwekwa kwa ajili ya kuonyesha kuwa mtu hana silaha. Hayo wazee hawakutufundisha. Twasema tu kwamba ni vigumu kuipiga mikono hiyo kwa moyo mweupe, hali ubavuni pako pana kitu ambacho huyo unayemwamkia hakijui, nacho kimewekwa kwa ajili ya siku ambayo yeye naye, huenda, atageuka kuwa adui. Tena watu husimulia kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni “tupa uchawi”: mgeni aingiaye aache nje alichokuja nacho kwa siri. Wageni hutucheka kwa jina hilo, nasi tumezoea. Lakini uchawi ni nini katika mawazo ya watu, kama si silaha isiyoonekana? Hofu ya mchawi si kwamba ana nguvu. Simba ana nguvu, wala hatumchukii vile. Hofu ni kwamba akaa nawe barazani, ala nawe, acheka nawe.

Jirani yetu aliporudi siku ya saba tulimweleza haya yote. Alisikiliza kwa utulivu, kisha akatujibu maneno ambayo twayaandika kama yalivyo, kwa kuwa yana haki yake: “Mwalimu, nikitembea nayo wazi sokoni, watoto watakimbia, polisi watanisimamisha, na mwizi atajua wa kumpiga kwanza. Mkuki wa babu ulikuwa wa nchi ambayo kila mtu ana mkuki. Mimi nikiificha, siwadanganyi watu wema. Nawaachia amani yao.” Twakiri kwamba hatukuwa na jibu la upesi. Kuficha si kudanganya sikuzote. Mtu hufunika kidonda chake ili asiwakirihishe wengine.

Tukatafuta msaada katika historia, nayo ilitusaidia nusu. Bastola ndogo za mfukoni zimejulikana duniani kwa mambo mabaya. Abraham Lincoln, Rais wa Marekani, alipigwa tarehe 14 Aprili 1865 ukumbini mwa tamthilia mjini Washington kwa bastola ya Henry Deringer wa Philadelphia, ya risasi moja tu, ya kutosha kiganjani. Tarehe 28 Juni 1914, huko Sarajevo, kijana Gavrilo Princip, mwenye miaka 19, alimwua Franz Ferdinand na mkewe kwa bastola iliyofanywa Ubelgiji kwa mchoro wa John Browning, nayo uzito wake haukufika kilo moja. Hatusemi kwamba chuma kile ndicho kilicholeta Vita Kuu. Kuni zilikuwa zimekwisha pangwa. Lakini vita ile iliwashwa hapo, na moto wake ulifika kwetu: Waingereza waliitwaa ngome ya Wadachi ya Bismarckburg, yaani Kasanga, mwezi wa Juni 1916, vijana walichukuliwa kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki hawakurudi makwao, na Jenerali von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia, mji ulio jirani na Ufipa yetu. Tom Mboya naye aliuawa kwa bastola, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, alipotoka katika duka la dawa mjini Nairobi.

Lakini kisa kilichotugusa zaidi ni cha Mahatma Gandhi. Tarehe 20 Januari 1948 bomu lililipuka penye sala zake huko Delhi. Wakuu wa polisi wakataka kuwapekua watu wanaokuja kusali, Gandhi akakataa. Siku kumi baadaye, tarehe 30 Januari, Nathuram Godse alimkaribia katika njia ya bustani, akamwinamia kwa heshima, akatoa bastola ndogo ya Kiitalia, akampiga risasi tatu.

Jirani yetu alisema mara moja, “Waona? Asiyepekua hufa.” Nasi tuliona kitu kingine, ingawa hatukatai neno lake. Katika visa vyote hivi aliyeficha ndiye aliyeanza. Udogo na siri ni mali ya mwenye kushambulia, kwa kuwa yeye ajua saa na mahali. Mwenye kujilinda hajui saa. Usiku ule penye njia panda, watu watatu wametokea gizani, mmoja amekwisha kumshika koti: je, angefungua vifungo, angetia mkono chini ya sweta, angeutoa mtambo wa usalama, angelenga, wakati panga limekwisha inuliwa? Pengine. Pengine kesho yake wangekuwa watu watatu wenye panga na bastola. Hatuthubutu kumwambia jirani awe Gandhi. Mwenye kumwambia mwenziwe afe kitakatifu na aanze yeye. Twamwambia tu kwamba kitu alichokichagua, kwa umbo lake, kilifanywa kifae zaidi kwa kazi ya wale wengine.

Tukamwuliza pia kama mkewe ajua. Hajui. Je, atamwambia? La, kwa sababu wanawake husema kisimani. Na watoto? Ataiweka juu ya kabati. Sisi tulio na watoto wa watu sitini darasani tulicheka kwa huzuni, maana hakuna kabati ambalo mtoto wa miaka minane hakulipanda. Hapo hatukuona haya kumwambia wazi: siri inayoanzia kwa mke si silaha dhidi ya majambazi tena; ni ukuta ndani ya nyumba.

Kisha tukamkumbusha kwamba nchi hii imejua hofu kubwa kuliko yake. Katika miaka iliyozunguka 2009 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kama wanyama, na mkoa wetu wa Rukwa haukuokoka katika aibu hiyo. Mwezi wa Januari mwaka ule Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwenyeji wa Mpanda, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya mkoa wetu, alisema kwamba atakayekutwa akiwaua watu hao auawe naye. Alipoulizwa Bungeni alitoa machozi akijieleza. Twaielewa hasira ile, na machozi yale pia. Lakini twakumbuka kwamba, kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi waliochoshwa na wezi wa ng'ombe waliunda Sungusungu: watu wengi, pinde mkononi, wakitembea pamoja, na yowe la mmoja likiwaamsha wote. Walifanya makosa yao, mengine mazito, na hatutaki kuyapaka chokaa. Lakini namna yao ilikuwa ya Nehemia.

Tulikuwa tumeinua sauti kidogo, kama mwalimu aliyefika mwisho wa somo na kuona kwamba limeeleweka. Ndipo jirani yetu alipoweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, ule wenye vidole vitatu, akasema polepole, bila hasira:

“Mwalimu, usiku ule nilipiga yowe.”

Tukanyamaza.

“Nilipiga yowe mara tatu. Nyumba zilikuwa na taa. Hakuna mlango uliofunguliwa.”

Wasomaji wapenzi, twaweza kukaa kimya hapa, wala hakuna atakayejua. Lakini gazeti hili husomwa na watu wanaotufahamu, na yeye pia atalisoma. Usiku ule tulikuwa macho, tukisahihisha madaftari. Tulisikia yowe la kwanza tukadhani ni walevi. Tulisikia la pili, tukajua kwamba si walevi. Tulisimama, tukashika komeo, na mke wetu akatushika mkono, akasema, “Una watoto.” Ilikuwa kweli, tunao. La tatu tulilisikia tumesimama pale pale, taa imezimwa. Asubuhi tulikwenda kumpa pole, tukatoa na mchango wa hospitali, akatushukuru.

Kwa hiyo yote tuliyomwambia juu ya mikono mitupu, na juu ya kutembea pamoja, na juu ya siri, tuliyasema tukiwa sisi wenyewe na siri kubwa kuliko bastola yake. Hatudhani kwamba maneno yale yamekuwa uongo kwa sababu hiyo. Hesabu ya sentimita 10 ni ile ile, awe mwema aihesabuye au mwovu. Lakini tuliona kwamba mtu hatafuti rafiki wa chuma wa kukaa naye ubavuni kila mahali, ila baada ya kutafuta rafiki wa nyama asimwone. Na kwamba sisi tulikuwa tumejipanga kumhukumu kwa dawa aliyoichagua, hali ugonjwa ulikuwa mlangoni kwetu.

Tukamwambia. Yalitutoka kwa shida, na mke wetu aliyekuwa akileta chai alisimama mlangoni hata tulipomaliza. Jirani yetu hakuonekana kushangaa. Alisema, “Taa yenu niliiona ikizimika.”

Alikaa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja, nalo halikuwa tena juu ya dhambi: “Nikiiacha hiyo bastola, nikipiga yowe tena, utafungua?”

Tulijibu kwamba tutafungua. Alitutazama kama mnunuzi anayepima gunia kwa macho kabla ya kuliweka mizanini. Hakusema kwamba anasadiki, wala hakusema kwamba hasadiki. Akataka tumwandikie barua yake hata hivyo, nasi tuliiandika, kwa maneno mazuri kadiri tulivyoweza, maana ni haki yake kuomba, na wenye kuamua ni wengine. Penye mahali pa sababu tuliacha wazi, tukamwambia aandike kwa mkono wake mwenyewe. Akaichukua kalamu, akaishika, akairudisha. Akasema atarudi baada ya kuuza mahindi.

Barua ingali juu ya meza yetu, chini ya madaftari. Mahindi karibu yote yamekwisha kuuzwa. Komeo la mlango wetu, ambalo lilikuwa na kutu na kukwama, tumelitia mafuta. Na wenzetu wawili wa mtaa tumekwisha sema nao juu ya filimbi, mmoja amekubali.